Namna ya Kuiozesha Pikipiki Yako

Mpwa wangu alinunua Boxer mpya, na kabla nailoni ya kiti haijabanduliwa akanijia nyumbani Jumapili asubuhi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekuja unisindikize Kariakoo. Nataka bampa. Ile ya kung'aa."

Nikamwambia akae kwanza tunywe chai. Kijana alikuwa amekuja kuiozesha pikipiki yake, na ndoa haiendewi mbio.

Bampa, kwa asiyeijua, ni yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya injini, kushoto na kulia, ili pikipiki ikilala ubavu chuma kitangulie kugusa lami. Inakaa na pikipiki usiku na mchana. Inalowa nayo mvua, inakula nayo vumbi, na siku ya shida ndiyo inayotakiwa kufika ya kwanza. Kwa desturi zetu anayefanya hayo yote huitwa mume, na mume hachaguliwi kwa shati alilovaa siku ya posa. Nikamfundisha mpwa wangu maswali ambayo nimewasikia wazee wakiyauliza kila binti wa nyumbani anapoposwa. Yanafaa kwa chuma kama yanavyofaa kwa mtu, nami nayaweka hapa kwa faida ya yeyote mwenye pikipiki inayongoja mchumba.

Hatua ya 1: Mjue binti kabla ya mchumba

Mzazi anayemjua mwanawe ndiye anayejua mkwe gani atamfaa. Chuchumaa kando ya pikipiki yako uitazame kutoka chini. Fikiria imelala ubavu wa kulia: kitakachogusa barabara ni ncha ya usukani na mkono wa breki, pedali ya breki, egzosi, na tumbo la injini lililotokeza, yaani kifuniko cha klachi. Ikilala kushoto, ni mkono wa klachi, gia, na kifuniko cha sumaku.

Hivyo vifuniko viwili ndivyo roho ya pikipiki. Vimetengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu ya namna ile haipindi ikigongwa, inapasuka. Kifuniko kikipasuka, oili inamwagika. Mwenye haraka atasema ajikongoje hadi gereji, na njiani injini itanoki kwa kukosa oili, huku ile iliyomwagika ikilisubiri tairi la nyuma liteleze. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bampa ni hii: kuiweka ardhi mbali na vifuniko hivyo.

Kipimo chake ni kamba. Shikiza kamba kwenye ncha ya nje kabisa ya bampa, uivute hadi kwenye sehemu ya kukanyagia. Kifuniko cha injini kiwe ndani ya mstari wa kamba, na vidole 2 vipite katikati. Kama kifuniko kinaigusa kamba, siku ya kuanguka kitaigusa lami. Hii ndiyo sababu nilimwambia mpwa wangu aende dukani na pikipiki yenyewe, maana binti haposwi kwa picha.

Hatua ya 2: Uliza ukoo

Siku ya posa wazee huuliza, mtoto wa nani huyu, na wa wapi? Sokoni kuna koo tatu. Ukoo wa kwanza ni bampa iliyoundwa kwa aina yako ya pikipiki; matundu yake yanaangukia penye bolti bila kulazimishwa. Wa pili ni ile ambayo muuzaji husema inakubali pikipiki zote, nami sijaona hata pikipiki moja ambayo imeikaa vizuri. Wa tatu ni bampa ya fundi wa kuchomelea, wa Gerezani kwa Dar es Salaam au wa Kamukunji kwa Nairobi. Huyu wa tatu usimdharau. Fundi hodari aliyewekewa pikipiki mbele yake hupima mfupa kwa mfupa, na kazi yake inaweza kuishi kuliko ya dukani.

Ukoo wowote uwao, uchunguzi ni mmoja. Chungulia mdomo wa bomba uone unene wa ukuta wake. Bomba la geji 16 lina ukuta wa milimita 1.5 hivi, la geji 14 lina milimita 2. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda chuma kinapungua, kwa hiyo anayekusifia geji 20 anakuuzia karatasi. Kwa pikipiki ya kazi, inayobeba abiria na magunia, mimi hutaka geji 14, na chini ya unene wa geji 16 siteremki.

Tazama kona. Kona iliyokunjwa kwa mashine, bomba likabaki na mviringo wake, ina nguvu. Kona iliyofinyangwa mpaka bomba likabonyea, au iliyokatwa na kuungwa vipande vipande, ndipo patakapovunjika. Tazama na mishono ya kuchomelea: iwe imelaliana sawasawa kama magamba ya samaki, bila vitundu wala madonge. Rangi nzito juu ya mshono ni kama poda juu ya kovu, kwa hiyo omba ruhusa ukwangue kidogo. Mwenye bidhaa njema hatakunyima.

Usidanganywe na uzito. Ziko bampa za nondo, nzito mkononi, na mnunuzi akizinyanyua hujiona amepata. Ukichukua kiasi kile kile cha chuma, bomba pana hukataa kupinda kuliko fimbo nyembamba. Ndiyo siri ya mwanzi, tumbo tupu lakini mgongo imara. Na mng'aro aliokuwa akiutaka mpwa wangu ni ngozi nyembamba mno ya kromu. Kazi yake ni kuzuia kutu na kupendeza macho. Nguvu haiongezi hata chembe.

Hatua ya 3: Uliza anakaa wapi

Mchumba mwenye mwili mkubwa asiye na makazi atakuja kuwa mzigo wa ukweni. Makazi ya bampa ni pale inaposhikilia fremu. Nzuri hushika sehemu 2 kwa uchache kila upande: juu kwenye bomba la mbele la fremu, na chini kwenye bolti inayobeba injini. Iliyoshikwa na bolti moja huzunguka kama mlango inapogongwa, na ikizunguka inarudi nyuma kuupiga mguu wako mwenyewe.

Soma kichwa cha bolti. Iliyochongwa 8.8 ni bolti ya kazi. Isiyo na alama yoyote ifunge taa za mapambo, usiipe injini.

Fundi akikuambia atakuchomelea bampa moja kwa moja kwenye fremu ili isitoke milele, kataa. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma kilicho kando ya mshono, na fremu ndiyo uti wa mgongo. Tena siku ya kuanguka bampa iliyochomelewa haina namna ya kuachia, itaivuta fremu ipinde pamoja nayo. Ndoa ya bolti ina mlango. Ya kuchomelea, wakitengana wanabomoa nyumba.

Ikishafungwa, geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Halafu kandamiza mbele kwa uzito wako wote mpaka shokabzoba zizame. Tairi na madigadi visiguse bampa hata kidogo. Wiki moja baadaye rudi na spana ukaze tena kila nati, kwa sababu injini ya pistoni moja hutetemeka, na mtetemo hulegeza kila kilichokazwa mara moja tu.

Hatua ya 4: Mpime tabia

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo ninapoomba unisikilize zaidi. Watu hutaka bampa ngumu isiyopinda kwa lolote. Lakini nguvu ya kuanguka haipotei, lazima imalizikie mahali. Bampa inayokubali kupinda kidogo huimeza nguvu hiyo, kama mtu anayeinama kupokea gunia. Bampa iliyokakamaa kuliko fremu huipitisha nguvu yote kwa bibi harusi, nawe utaipeleka kupakwa rangi mikwaruzo huku fremu imekwenda upande na tairi mbili hazifuatani tena.

Kanuni ni moja: kinachoharibika kwanza kiwe kile cha bei ndogo. Bampa ipinde kabla ya bolti, bolti ikatike kabla ya fremu. Wenye pikipiki za mbio hufunga vidonge vinene vya nailoni badala ya mabomba, navyo hufuata kanuni hiyo hiyo; huliwa na lami ili injini isiliwe. Mume mwema ni yule anayekubali kuumia yeye kwanza.

Hatua ya 5: Angalia kama ataenea nyumbani

Bampa isipite upana wa usukani. Kwenye foleni ya Ubungo macho yako hupima nafasi kwa usukani, na kama kilicho chini ni kipana kuliko kilicho juu, kitanasa bampa ya gari, ndoo ya mama wa maandazi au kanga ya mpita njia kabla hujajua. Isiwe chini mno pia. Ukilaza pikipiki kwenye kona, bampa iliyoshuka inagusa lami, inaibeba pikipiki na kulinyanyua tairi, na hapo mkinga ajali amekuwa mleta ajali.

Kaa kwenye kiti ujaribu. Kanyaga breki, badili gia, teremsha miguu yote miwili haraka kama mtu aliyekatiziwa na mbuzi. Goti lisigonge, unyayo usinase. Injini hizi hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi yake, kwa hiyo usizibe mbele kwa bango, turubai wala dumu. Na nakusihi: usitandaze miguu juu ya bampa unapoendesha, hata kama safari ni ndefu na goti limechoka. Mguu ulio juu ya bampa uko mbali na breki, na gari likikugonga ubavuni mfupa wako ndio utakaotangulia mbele ya chuma.

Hatua ya 6: Usimwombe asichoweza

Miaka kadhaa iliyopita, mvua ya vuli, nilikuwa nateremka Kimara, gari dogo likakatiza mbele yangu kuingia barabara ya pembeni. Nilianguka ubavu wa kulia. Watu walipoiinua pikipiki bampa ilikuwa imepinda vizuri, vifuniko vizima, na injini ikawaka kwa kiki moja. Mimi sikusimama. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, na wiki 6 zilizofuata nilizihesabu kitandani, pikipiki ikiningoja barazani ikiwa na afya kuliko mimi.

Kitandani nilijiuliza kwa nini chuma kile hakikuulinda mguu wangu, na baadaye nikakuta swali hilo lilikwisha kujibiwa. Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali za pikipiki baada ya kwenda wenyewe kwenye maeneo ya ajali 900 hivi jijini Los Angeles. Waliichunguza bampa pia. Waligundua kwamba majeraha ya kifundo na unyayo hupungua, lakini yale ya muundi, goti na paja huongezeka, mpaka faida na hasara zinalingana. Mguu unaookolewa chini hupigwa juu.

Kwa hiyo neno hili liandike mahali utakapoliona kila asubuhi: bampa ni kinga ya pikipiki. Siyo kinga yako. Mchumba huyu aliiposa injini, mkataba wake ni na injini, na akiutimiza umshukuru. Anayekuuzia bampa kwa kusema italinda miguu anamwekea bwana harusi ahadi ambayo bwana harusi mwenyewe hakuitoa.

Ripoti ile ile ilisema jambo la pili linalonihusu. Katika ajali kati ya pikipiki na gari, mara 2 kati ya 3 mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Kuwasha taa mchana na kuvaa koti la rangi kali kulipunguza sana hatari hiyo. Siku ile ya Kimara nilikuwa nimevaa koti la kijivu, kwenye mvua ya kijivu. Tangu hapo reflekta yangu haishuki mabegani.

Hatua ya 7: Waulize na ndugu zake

Mkwe mwenye akili haji peke yake, huja na ndugu. Wa kwanza ni kofia ngumu. Mei 1935 huko Uingereza, T. E. Lawrence, askari na mwandishi aliyevuma kwa vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki yake ya Brough Superior akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Kichwa kilikuwa wazi, na siku 6 baadaye akafariki. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtibu, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakukubali jambo lile liishie kaburini. Mwaka 1941 alichapisha utafiti juu ya waendesha pikipiki na kofia, na jeshi la Uingereza likaanza kuwalazimisha wapeleka ujumbe wake wazivae. Tafiti nyingi zilizokusanywa na kuchambuliwa pamoja na Cochrane mwaka 2008 zilionyesha kwamba kofia hupunguza kifo kwa asilimia 42 na jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Hakuna bampa duniani yenye sifa kama hizo. Ndiyo sababu Tanzania na Kenya zinamtaka dereva avae, na abiria wake pia. Na mkanda wa kidevu ufungwe, maana kofia isiyofungwa hufika chini kabla yako.

Wa pili ni buti linalopanda juu ya kifundo, na suruali nene. Ndala haina neno la kujitetea mbele ya lami. Wa tatu ni glavu, kwa kuwa kila anayeanguka hutanguliza viganja.

Wa nne ni wa abiria, naye husahaulika zaidi. Pikipiki nyingi zinazotoka India huja na chuma au wavu ubavuni mwa tairi la nyuma. Kanuni za magari za India za 1989 zinaudai, kwa sababu akina mama wa kule hukaa upande na sari zao huingia kwenye spoku. Kanga, dera na baibui ni ndugu wa sari. Mafundi wetu hukifungua chuma hicho ili kufunga keria. Kirudishe, pamoja na kinga ya egzosi, ili mteja wako asirudi nyumbani na alama ya moto kwenye shavu la mguu.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walikuwa wakizungumzia vijinga vya jikoni, lakini nalichukua neno lao kwa kinga hizi pia: moja moja hufifia, zikikutanishwa hufanya kazi.

Hatua ya 8: Mahari, na siku ya talaka

Bei ya bampa usiilinganishe na bei ya bampa nyingine. Ilinganishe na kifuniko cha klachi, oili mpya, fundi, na siku utakazokaa bila kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Lakini mahari isimalize fedha za nyumba. Kama una ya bampa ya kung'aa bila kofia, au ya bampa nyeusi pamoja na kofia, huna cha kufikiria.

Na bampa ikishapokea pigo kubwa, iache iende kwa heshima. Ukiipasha moto na kuinyoosha, pale ilipopinda panabaki pamechoka, na pigo la pili litaikuta haina nguvu. Badilisha na bolti zake. Kofia vivyo hivyo: ikishagonga chini na kichwa kikiwa ndani, povu lake limebonyea na haliinuki tena, hata kama nje haina ufa.

Tulifika Kariakoo saa sita mchana, pikipiki na mjomba mtu na mpwa wake. Katika duka la tatu alipata bampa nyeusi, geji 14, kona nzima, bolti nne zenye 8.8. Kamba ikapita vizuri, na usukani ukageuka bila kugusa. Ile ya kromu ilikuwa inaning'inia mlangoni, nikamwona akiitazama kwa mara ya mwisho kama kijana anavyomtazama msichana wa kituo cha basi.

"Mjomba, imebaki chenji," akasema tulipotoka.

Akazihesabu noti chini ya mwavuli wa muuza viatu. Watu husema ajali haina kinga, nami nilikuwa namngoja aliseme, nimjibu. Hakulisema. Alivua ndala zake, akaomba buti namba 42, akakaa juu ya kiti cha Boxer yake mpya akaanza kufunga kamba, tundu kwa tundu, mpaka juu.